Mstari wa Beni

Mwaka ule watu waliokimbia vita vya Ituri walipoanza kujaa Oicha, Mbau na Beni, wafanyabiashara kadhaa wa Butembo walichanga pamoja na Wakristo wa parokia moja, wakafungua nyumba ndogo kwenye mteremko unaotazama soko. Waliiita Nyumba ya Habari. Ndani mlikuwa na mashine moja ya kompyuta iliyotoka Kampala juu ya magunia ya chumvi, betri za lori zilizopangwa chini ya meza, redio, na waya wa antena uliofungwa kwenye mkaratusi wa uani. Kazi yake ilikuwa kupeleka na kupokea ujumbe. Mtoto wa dada yako yuko huku, anaomba nguo. Mzee amefika salama, ila mguu umevimba. Msiuze mbuzi, tunarudi. Ujumbe wa namna hiyo.

Aliyeongoza nyumba hiyo ni Kanyere, mwanamke wa sauti ndogo aliyesomea mambo ya kompyuta Uganda, akarudi nyumbani wakati wengine walikuwa wanaondoka. Mlangoni alikaa Malachie, kijana mrefu mwenye mdomo mwepesi, aliyepokea watu na kuwaandikia. Na huko mbali kulikuwa na vituo vitatu. Cha Beni kilishikwa na Lukumani, katika nyumba ya mbao upande wa Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Cha Lubero kilishikwa na Mathe. Cha Mbau, ambacho ndicho kilikuwa karibu zaidi na moto, kilishikwa na Élysée, mdogo wake Kanyere, tumbo moja.

Programu iliyobeba ujumbe, sisi watu wa mteremko ule tuliiita Mutume. Kituo kikiita kwa redio, mashine ya Butembo ilimzaa Mutume mmoja kwa ajili ya kituo hicho; kituo kikinyamaza, Mutume huyo alizimika. Hawakuonekana kwenye kioo cha mashine, kwa sababu ilikuwa dhaifu na Kanyere hakutaka kuichosha kwa madirisha mengi. Badala yake alifungua dirisha moja tu lililokuja na mashine yenyewe, liitwalo Performances, lenye compteurs, vitu vya kupima kama vile vya maji au vya umeme, isipokuwa hivi hupima kazi ya kila programu na kuichora kama mstari unaotembea. Mashine ndiyo iliyogawa majina. Wa kwanza iliandika mutume, wa pili mutume#1, wa tatu mutume#2. Mstari wa kwanza ulikuwa mwekundu, wa pili wa kijani, wa tatu wa buluu. Malachie akakata vipande vya sparadra, ile plasta ya vidonda, akavibandika chini ya kioo mbele ya kila rangi, akaandika kwa kalamu ya bik: Beni, Lubero, Mbau.

Halafu watu wakaanza kuja kuangalia mistari. Hakuna aliyewaita. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Mangina, wajukuu wake wako Mbau, alikuja kila asubuhi akasimama dirishani na kikapu chake kichwani.

"Ya bulu iko natembea?"

"Iko natembea, mukaka," Malachie alimjibu, kama anavyoitwa bibi kwetu.

"Wasingya," alishukuru.

Akashuka sokoni. Hakuwa na ujumbe wa kutuma, wala hakungoja wowote. Kanyere alipoona hivyo, akageuza kioo kitazame dirisha, ili watu wasisumbuke kuingia.

Wakati huo wakubwa wa jeshi walikuwa wamekataza kuongea kwa phonie, yaani redio ya sauti. Walisema sauti zinasaidia adui. Kwa hiyo ilibaki mashine peke yake. Ujumbe ulipita asubuhi na jioni tu, ili kulinda betri. Katikati ya siku vituo vilishikana mkono kimyakimya, na mistari ilitembea chini chini, lakini ilitembea.

Wiki ninayoieleza, mashine ilizimwa siku ya Jumapili kwa sababu betri moja ilivuja asidi. Ilipowashwa tena, Lukumani wa Beni ndiye aliyeita wa kwanza, kabla ya misa ya pili. Mathe wa Lubero aliita Jumatatu, maana alikuwa kwenye arusi. Élysée wa Mbau aliita Jumanne, baada ya kuhamisha plaki yake ya jua kutoka paa lililokuwa linaoza. Toka hapo hakuna aliyekatika. Lukumani aliandika kwa majivuno kwamba mstari wake ndio baba wa wote.

Alhamisi, saa sita mchana, dereva mmoja alishuka sokoni. Alisema masasi, yaani risasi, yanalia Mbau, watu wako barabarani na magodoro kichwani. Habari ilikuwa haijamaliza kupanda mteremko wakati Malachie aliposimama mbele ya kioo.

"Chef," aliita, "njo uone. Mbau imekufa."

Alikuwa anasema juu ya mstari. Ule wa buluu ulikuwa umeanguka mpaka chini kabisa, kisha haukusogea tena. Lakini watu waliokuwa dirishani hawakusikia mstari. Walisikia Mbau, wakasikia imekufa, na bibi wa Mangina akakaa chini pale pale, kikapu kikamwagika.

Kanyere aliketi akaandika: *Élysée, jibu. Andika neno moja tu.* Hakuna jibu lililokuja. Akaandika kwa Beni: *Lukumani, unasikia nini juu ya Mbau?* Napo kimya. Ila mstari mwekundu ulikuwa unatembea vizuri, hivyo wote walisema Lukumani ana watu wengi mlangoni, ataandika jioni.

Nani aliyepeleka habari Vuhovi, kijijini kwa akina Kanyere, hajulikani mpaka leo. Tunajua tu kwamba alasiri ilipoanza, Katungu, mama yake Kanyere na Élysée, alikuwa tayari ameingia uani na wanawake wa kijiji chake, miguu imejaa tope jekundu, kikwembe, yaani kitenge, kimefungwa kichwani kama wanavyofunga waliofiwa. Hakulia kwa sauti. Aliuliza tu:

"Ni fasi gani inaonyesha?"

Wakamwonyesha kioo. Alikitazama kwa muda mrefu, akatafuta buluu kati ya nyekundu na kijani, asiipate.

Sofia alipanda kutoka sokoni. Alikuwa mke wa Lukumani, anauza nguo za mitumba, na siku hiyo aliacha biashara yake wazi, akamwambia jirani aiangalie. Alikuja na maji ya moto katika beseni. Alipiga magoti mbele ya Katungu akamwosha miguu, akamtandikia mkeka, akakaa naye bega kwa bega. Mmoja na rozari, mwingine na tasbihi mfukoni.

"Mama, bwana yangu iko Beni," alisema. "Kutoka kwake mpaka Mbau hapana mbali. Atamutafuta Élysée. Akiwa muzima atamuleta. Akiwa... hapana, nisiseme ile. Angalia mustari yake. Unaona? Iko natembea."

"Ninaona, mutoto yangu."

Issaka naye akafika, kaka mkubwa wa Lukumani, mwenye Fuso mbili za kubeba mizigo kati ya Butembo na Beni. Alisema gari moja limeshapakiwa maharagwe ya wakimbizi. Kesho asubuhi angekwenda mpaka Beni, amchukue Lukumani, waende pamoja kumtafuta kijana wa Katungu. Watu wakamshukuru. Kwa nini asiende? Beni ilikuwa salama, kila mtu aliiona kwa macho.

Kanyere hakuweza kukaa uani. Kila aliyeingia alimshika mkono wake na kumwambia pole, na kila pole ilimfanya ajisikie anamzika ndugu yake kwa mikono yake mwenyewe. Aliingia ndani. Alitaka kujua kitu kimoja: ni saa ngapi hasa. Aliona kwamba kama atajua dakika ile Élysée alipokatika, atajua alikuwa yeye mwenyewe anafanya nini dakika hiyo, kama alikuwa anakunywa chai, kama alikuwa anacheka na Malachie.

Dirisha la Performances lina compteurs nyingi ambazo hakuwahi kuzihitaji. Moja husema programu imeishi muda gani tangu izaliwe. Aliichagua, akaiongeza kwa wote. Chini ya mutume#2 hakukuwa na kitu, kama alivyotegemea. Akatupa jicho kwenye mutume, ule mwekundu, bila sababu, kama mtu anavyoangalia nyumba ya jirani akipita. Umri wake ulianzia Jumatatu.

Aliusoma tena. Beni iliita Jumapili, kabla ya misa ya pili. Alikumbuka vizuri kwa sababu kengele ilikuwa inalia na alikuwa anaogopa kuchelewa. Ni Lubero iliyoita Jumatatu.

Akaangalia mutume#1, ule wa kijani, wenye sparadra ya Lubero. Umri wake ulianzia Jumanne.

"Malachie," aliita. "Ingia. Funga mulango."

Malachie aliingia. Kanyere hakumweleza. Alifungua Bloc-notes, ile programu ndogo ya kuandikia, mara tatu, na katika kila moja akaandika herufi: A, B, C. Kwenye compteurs yakatokea majina matatu, la kwanza bila namba, la pili na moja, la tatu na mbili.

"Sasa nafunga A," alisema. "Ya kwanza. Angalia ni jina gani itapotea."

Alifunga A. Malachie alitazama. Lililopotea ni jina la tatu, la mwisho kwenye orodha. Lakini C ilikuwa bado wazi mbele yao, na B pia.

"Mais... A ndiyo umefunga."

"Ndiyo. B imeingia mu jina ya A. C imeingia mu jina ya B. Jina ya mwisho imekosa mutu, donc imekufa. Machine haina shida na hiyo. Kwake jina ni kiti tu. Anayetoka, wa nyuma yake anasogea."

Kanyere aliona habari inavyomfikia Malachie, kwanza machoni, halafu mdomoni.

"Donc ya bulu hapana kukufa."

"Ya bulu imesogea. Iko mu kijani. Élysée iko na machine yake inawaka."

"Chef! Élysée muzima!" Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Kanyere alimshika shati.

"Maliza hesabu, Malachie. Iliyofungwa ni gani?"

Kijana aligeuka kutazama mstari mwekundu. Ulikuwa unatembea, mzuri, bila wasiwasi wowote, juu ya sparadra aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Ulikuwa ni Mathe wa Lubero. Toka saa sita ulikuwa ni Mathe wa Lubero. Kupitia ubao wa dirisha walisikia sauti ya Sofia uani, anamwambia mtu alete mkeka mwingine.

Kanyere alikaa. Alifanya jaribio la Bloc-notes mara nyingine, akijua litaleta nini. Baadaye alituambia kwamba katika nafasi ile alifikiria mambo mengi kwa wakati mmoja. Akimwambia mama yake kwanza, furaha ya mama itapasuka uani na Sofia ataisikia kama kofi. Akimwambia Sofia kwanza, mama anaendelea kumlilia mtu aliye hai, na kila dakika ya kilio kile ni ya bure. Na juu ya hayo, yeye mwenyewe alikuwa na furaha. Ilikuwa inampanda kifuani, hakuweza kuizuia, na aliionea aibu. Pia alifikiria kunyamaza mpaka jioni, wakati wa ujumbe, labda Beni itarudi yenyewe. Lakini kesho Issaka angekwenda Beni akidhani anakwenda kwenye amani.

Aliwaita wote watatu ndani, Katungu, Sofia na Issaka, akafunga dirisha.

"Umepata saa ile ilikatika?" Sofia aliuliza. Alikuwa bado anamshika Katungu mkono.

"Nimepata. Lakini tulikosea kusoma. Mustari iliyokatika haikukuwa ya Mbau. Machine ilisogeza majina. Mama, Élysée iko. Kituo yake inaongea mpaka sasa."

Katungu alifungua mdomo. Wanawake wa kwetu hawafichi furaha ya namna hiyo. Ilikuwa tayari imefika kwenye koo lake. Lakini alimwona binti yake hatabasamu, akaona binti yake anamtazama nani, akauziba mdomo kwa kiganja.

"Na iliyokatika?" Sofia aliuliza polepole. "Kanyere. Ni ya nani?"

"Ya Beni."

"Mais iko natembea. Nimeiangalia mchana mzima."

"Ile ni Lubero, Sofia. Imeingia mu fasi ya Beni."

Malachie, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akajaribu: "Mustari kukatika haiko mutu kufa, mama. Inaweza kuwa batterie. Inaweza kuwa waya tu."

Sofia alimgeukia. Hakukasirika.

"Kwa Élysée hamukusema batterie," alisema.

Katungu alivua kile kikwembe cha kichwani, akakikunja, akakaa nacho mapajani bila kujua akiweke wapi. Halafu akasogea, akamkumbatia Sofia kwa nyuma, akamshika kama unavyomshika mtoto anayetaka kuanguka kitandani. Furaha yake aliibeba hivyo hivyo, kimya, siku iliyobaki. Wanawake wa Vuhovi waliambiwa ukweli mlangoni kwa sauti ya chini, wakaondoka mmoja mmoja bila vigelegele.

Issaka alisimama. "Nilisema kesho. Basi ni leo. Lakini Fuso hapana. Kama ni basoda, askari wale, watakamata gari na maharagwe. Nachukua moto, ile pikipiki yangu."

"Tunaenda wote," Sofia alisema.

"Sofia, barabara iko mubaya. We ni mwanamuke."

"Ni bwana yangu. Washa moto."

Wakaenda. Walipita Kabasha ukungu ukiwa umeshuka mpaka barabarani, wakisukuma pikipiki mahali penye tope. Walifika Beni jua likiwa bado linaonekana, wakaendelea mpaka Mavivi bila kupumzika.

Jioni, wakati wa ujumbe, Élysée aliandika. Kanyere alimsomea mama yake kwa sauti: *Mimi ni muzima. Masasi ilikuwa ngambo ya mto, watu walikimbia, sasa banarudi. Nilikuwa nagawia wakimbizi mihogo, sikukuwa karibu na machine. Juu ya nini munaniandikia kama mutu aliyekufa? Mama asisumbuke. Lakini Lukumani hanijibu tangu saa sita. Munasikia nini?*

Katungu alimwomba asome mara ya pili, ila aanzie mwisho.

Habari ya Beni tuliipata kwa dereva wa Fuso nyingine ya Issaka, aliyerudi kutoka huko, halafu kwa Sofia mwenyewe. Mchana ule watu wenye bunduki waliingia katika nyumba ya mbao. Hawakutaka redio, hawakutaka mashine, walitaka betri. Lukumani hakukataa kuzitoa. Aliomba tu wamwache kwanza aandikie Butembo kwamba anafunga. "Noki, papa, noki," mmoja alimwambia, yaani haraka, na kabla hajamaliza kuandika mwingine aling'oa waya. Lukumani akaushika ule waya. Labda ilikuwa mazoea ya mkono tu, mtu anashika kitu kinachoanguka. Walimpiga risasi ya tumbo, wakabeba zile betri.

Jirani yake, mama mmoja aitwaye Agar, mlimaji wa kakao, ndiye aliyemkokota mpaka jikoni kwake, akamfunga kwa vikwembe, akamwita mwuguzi. Sofia alimkuta amelazwa pale karibu na mafiga, akili yake iko sawa, sauti yake ndogo. Mwuguzi alikuwa amemwambia Agar kile ambacho watu hawakumwambia mgonjwa.

Aliishi mpaka Jumamosi. Issaka alikaa upande wa kichwa, Sofia akakaa ubavuni. Waliongea juu ya watoto, juu ya paa la nyumba lililohitaji bati mbili, juu ya deni gani la kusamehe. Ijumaa, wakati wa adhuhuri, Lukumani alimwuliza mke wake:

"Mulijuaje?"

"Mustari yako ilikatika. Tukaona. Tukakuja."

"Ilikatika mara moja?"

"Mara moja. Wote tuliona."

Alionekana kuridhika. "Basi inatumika," alisema. "Ile kazi ya Kanyere inatumika."

Sofia hakumwambia zaidi ya hapo. Wakamzika Beni, katika makaburi ya Waislamu, na Agar alisimama mbali kidogo na rozari yake mpaka watu walipomaliza.

Kanyere aliibadilisha mashine wiki ile ile. Dawa yenyewe ilikuwa rahisi mpaka inaumiza: alimnakili Mutume mara tatu, kila nakala akaipa jina la kituo chake, mutume-beni, mutume-lubero, mutume-mbau, ili asiwepo wa kuchukua kiti cha mwingine. Akang'oa sparadra za Malachie. Alidhani Malachie atajitetea, lakini kijana alimsaidia kukwangua gundi kwa ukucha.

Baada ya mwezi na zaidi kidogo kituo cha Beni kilifunguliwa tena, mjini kati safari hii, mbali na Mavivi. Aliyekishika ni Yasmine, dada yake mdogo Lukumani, ambaye kaka yake alikuwa amemfundisha. Mstari mwekundu ukarudi. Compteur ya ujumbe uliopita ikaanza sifuri, maana mashine haimjui Lukumani; Mutume mpya akizaliwa, anaanza na hesabu yake mwenyewe.

Josaphat, mzee wa kamati ya Nyumba ya Habari, mtu mwema lakini mpenda kumaliza mambo, alikuja kutayarisha ripoti ya wafadhili wa Ulaya, waliojiunga baadaye. Alitaka Beni ionekane kama mstari mmoja.

"Unganisha tu ile ya zamani na hii mupya," alisema. "Kituo ni kimoja. Watu wa Ulaya wakiona shimo katikati, watauliza maswali."

"Waulize," Kanyere alijibu.

"Kanyere, ni kuchora tu."

"Papa Josaphat, nikiunganisha, Yasmine ataonekana anafanya kazi siku ambayo bado alikuwa anamulilia kaka yake. Na Lukumani ataonekana iko. Hapana. Shimo litabaki, tutaandika chini ni ya nini."

Josaphat alikuna kidevu, akakubali bila furaha. Ripoti ilikwenda na shimo lake. Sikusikia kama kuna aliyeuliza.

Sofia alikaa eda yake nyumbani kwa Issaka. Alipoitoka, siku ya kwanza alirudi sokoni kwenye mitumba, siku ya pili alipanda mteremko. Alimkuta Kanyere peke yake. Waliamkiana, wakaulizana juu ya watoto, kisha Sofia akavuta kiti.

"Nataka kuona fasi ile," alisema.

Kanyere alielewa. Mashine ilikuwa imehifadhi michoro ya wiki ile. Aliifungua, akaisogeza mpaka Alhamisi, saa sita. Mstari mwekundu ulikuja kutoka kushoto, ukafika mahali fulani, ukaruka kidogo, kama hatua ya mtu aliyekanyaga jiwe dogo, ukaendelea. Ukitazama bila kujua, usingeona kitu.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Sofia aliweka kidole kwenye kioo. "Toka hapa kuenda huku ni Mathe."

"Ndiyo."

"Na huku ni ye."

"Ni ye."

Sofia hakuangalia tena upande wa kulia. "Rudisha nyuma," alisema. Kanyere akarudisha. Jumatano kulikuwa na mlima mrefu katikati ya asubuhi.

"Hapa alikuwa nafanya nini?"

"Alituma ujumbe ya watu ya Mangina. Ilikuwa mingi sana, siku ile tulimaliza batterie."

"Na hapa? Juu ya nini imeshuka?"

Kanyere aliangalia saa. "Sijue. Pengine alilala."

Sofia alisoma saa naye, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka kidogo. "Hakulala. Ile ni saa ya sala."

Wakaenda hivyo mpaka Jumapili, mpaka pale mstari ulipozaliwa. Kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Sofia alitazama sehemu ile nyeupe kwa muda, akashusha mkono. Chini, sokoni, mtu alikuwa anamwita kwa jina, mteja ameshika koti anauliza bei.

Aliinuka, akakung'uta kikwembe chake.

"Mama Katungu iko Vuhovi?"

"Iko. Atashuka Jumamosi na maharagwe."

"Apite kwangu mbele ya kuenda kwa soko. Baridi imeanza, nimemuwekea sweta."